Msomaji Auliza, Mwanasheria Ajibu: Matusi na Udhalilishaji wa Mtandaoni

Swali: Ndugu mwanasheria, binti yangu ana umri wa miaka 15. Tangu mwezi uliopita, mtu asiyejulikana amefungua ukurasa kwa jina linalofanana na lake na anaweka humo picha zake zilizochezewa, pamoja na maneno ya kuudhihaki mwili wake. Wenzake darasani wanazisambaza. Nilipoziona nilishikwa na hasira, nikafuta kila kitu kwenye simu ya mtoto na kumwandikia mwenye ukurasa maneno makali. Sasa amezidisha. Je, ipo sheria ya kumkinga mwanangu? — *Mama mwenye uchungu*

Jibu: Pole sana, mama. Sheria ipo, lakini naomba tuanze na hicho ulichokifuta. Kufuta kwenye simu ya binti hakukuondoa chochote kwenye ukurasa wa mchokozi. Kilichoondoka ni nakala yenu, ambayo ndiyo ingekuwa ushahidi. Na yale maneno makali uliyomwandikia, naye anaweza kuyahifadhi na kuyatoa siku moja ili ionekane kwamba mlikuwa mkitukanana.

Kwa hiyo, rudi kwenye ukurasa huo leo bila kujibu neno. Piga picha ya skrini nzima, si kipande, ili jina la akaunti, tarehe na saa vionekane, kisha nakili anwani ya ukurasa na ya kila chapisho, kwa kuwa jina linaloonekana juu ya akaunti mwenyewe hulibadilisha apendapo. Ukipata simu ya pili, rekodi video huku ukiupitisha ukurasa kutoka juu hadi chini. Picha iliyokatwa pembeni, isiyoonyesha saa wala mwandishi, haimwambii hakimu lolote zaidi ya kwamba kuna mtu alitukanwa. Weka na daftari: siku gani, nani alikuonyesha, mtoto alikuwaje siku hiyo, kama alikataa chakula au shule. Huo si urasimu. Nchini Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai hati maalumu ya kuthibitisha nakala iliyotoka kwenye kifaa cha kielektroniki.

Ama kuhusu kosa lenyewe, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Kenya, katika sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 27, inakwenda mbali zaidi: mlalamikaji anaweza kuiomba mahakama imwamuru mshtakiwa akome, na amri ya muda inaweza kutolewa kabla shauri halijamalizika. Binafsi naiona njia hiyo kuwa na faida kubwa kuliko kifungo, kwani mtoto anahitaji picha ziondoke wiki hii, si hukumu ya mwaka kesho. Italia, kwa sheria namba 71 ya mwaka 2017, imempa haki hiyo mtoto mwenyewe: aliyetimiza miaka 14 anaweza kuidai tovuti iondoe kinachomdhalilisha, na isipofanya hivyo ndani ya saa 48, anapeleka ombi lake kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Jambo moja nalisisitiza. Iwapo miongoni mwa picha hizo kuna hata moja ya utupu, ya kweli au ya kutengenezwa, usiinakili wala usimtumie mtu yeyote, hata mimi, kwa sababu katika nchi nyingi kuwa na picha ya utupu ya mtoto au kuisambaza ni kosa zito bila kujali nia. Peleka polisi simu yenyewe. Ipo pia huduma ya Take It Down kwa walio chini ya miaka 18. Hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hapo hapo kwenye kifaa chako, kampuni zinazoshirikiana nayo huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa, na picha yenyewe haitoki mkononi mwako.

Swali: Katika kundi letu la kazini iliwekwa sauti ya mwenzetu akilia baada ya kuachwa na mchumba. Niliipitisha kwenye makundi mengine mawili, nikaongeza alama ya kucheka. Sasa amenitaja kwenye malalamiko yake. Sikurekodi mimi, na kilio ni cha kweli. Kosa langu ni lipi? — *Nilipitisha tu*

Jibu: Kupitisha ni kutuma. Sheria ya Tanzania niliyoitaja inamhusu anayeanzisha mawasiliano na anayetuma pia. Ya Kenya inagusa hata mawasiliano yasiyo ya moja kwa moja, na inatosha kwamba ulipaswa kujua yatamuumiza. Ni kweli kwamba nia lazima ithibitishwe pale sheria inapoitaja, ila ile alama ya kucheka itakusemea vibaya. Ukweli wa kilio nao si kinga kamili: sheria ya Nyuzilandi ya mwaka 2015 kuhusu mawasiliano ya kidijitali yenye madhara inaruhusu mahakama kutazama kama habari ni ya kweli au ya uongo, lakini sambamba na hilo itazame ilivyoenea, umri na hali ya aliyeumizwa, na kama ilirudiwa.

Usifute simu yako kimyakimya. Waandikie uliowapelekea waiondoe, kisha mwombe radhi mwenzako. Radhi haifuti kosa, lakini hakimu huweza kuizingatia anapopima adhabu.

Swali: Akaunti isiyo na jina inaniita fundi mbovu kila nitangazapo kazi zangu, na mara mbili imeandika kwamba itanivizia usiku. Polisi watampataje mtu asiye na jina? — *Fundi*

Jibu: Akaunti hiyo ina namba ya simu au barua pepe iliyoifungua, na ina kumbukumbu za vifaa vilivyoingia humo. Kampuni ndiyo inayozitunza, lakini si milele, hivyo wahi. Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu makosa ya mtandao, unaziruhusu nchi wanachama kuagiza data zihifadhiwe hadi siku 90 wakati uchunguzi ukiendelea.

Hata hivyo, tenganisha mambo mawili. Kuitwa fundi mbovu ni ukosoaji, na sheria zinazojaribu kuharamisha kila neno la kuudhi huishia kuwaumiza wasio na hatia. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta kwa kuwa hakikueleza wazi kosa ni nini. Kutishiwa kuviziwa ni jambo lingine kabisa. Unapokwenda kituoni, tanguliza vile vitisho viwili, kila kimoja na tarehe yake na anwani yake, na yale ya ufundi mbovu yaache nyumbani.