Kutafuta mtaro uliofukiwa kuzunguka mawe ya kale

Ndugu, unataka kujua kama duara lako la mawe lina mtaro uliofukiwa, bila kuchimba. Anza na magnetomita, yaani kifaa cha kupima usumaku: udongo uliojaza mtaro, na hasa palipowashwa moto, huwa na usumaku tofauti na ardhi ya jirani. Pima kwa mistari iliyoachana nusu mita, na usiishie kwenye duara. Kwenye duara la mawe ya kale la Stonehenge, Uingereza, watafiti walipima takriban kilomita za mraba 12. Uzio wa chuma utakuharibia vipimo (hata zipu ya suruali!). Misingi ya mawe itafute kwa kupima ukinzani wa umeme ardhini, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita; rada, inayotuma mawimbi ya redio ardhini, hushindwa kwenye udongo wa mfinyanzi wenye maji. Kibali cha mamlaka ya mambo ya kale kitangulie. Ramani ikitoka, mpe mtaalamu aisome, maana mfereji wa mkulima huonekana vilevile.