Kusomea uhusiano wa umma na matangazo Uganda: jibu kwa mdogo wangu wa Arua

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma lote. Umemaliza kidato cha sita, alama za kuingia chuo unazo, mzee anasema uhusiano wa umma na matangazo ni "kusomea maneno matupu", na wewe unataka kujua kama kuna kazi na kama ununue kamera au laptopu. Mimi nimesoma hayo hayo Kampala, nikaanzia kwenye wakala wa matangazo, sasa nipo ofisi ya mawasiliano ya kampuni moja.

Mzee mwambie hivi: kazi ipo, ila ni kazi mbili. Chuoni zinafundishwa pamoja, mtaani zinaachana mapema. Tangazo unalipia nafasi, unasema unachotaka. Uhusiano wa umma hununui kitu. Unampelekea mhariri habari, naye ana haki ya kuitupa. Anayependa kuchora, kubuni na kubishana na mteja kuhusu ukubwa wa nembo, aende matangazo. Anayeweza kuandika ukurasa mmoja safi huku bosi anagombeza na simu zinaita, aje huku.

Makerere utalikuta somo hili ndani ya shahada ya uandishi wa habari na mawasiliano. Vyuo vingine vina majina yao, kwa hiyo usiangalie jina, angalia masomo yaliyomo. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu limeidhinisha kozi yenyewe, siyo chuo tu. Na ufadhili wa serikali usiuache bila kuuliza, pamoja na mgao wa wilaya, yaani nafasi zinazotengewa kila wilaya.

Mwaka wa kwanza ni nadharia. Utakutana na Ivy Lee, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa fani hii, aliyewatangazia waandishi mwaka 1906 kwamba ofisi yake itafanya kazi hadharani. Utakutana na wasomi Grunig na Hunt na mifano yao minne ya uhusiano wa umma ya 1984, kuanzia kupiga debe hadi mazungumzo ya kweli ya pande mbili, ambapo hata shirika lenyewe linakubali kubadilika. Wengi wanakariri, wanafaulu, wanasahau. Huo wa nne ushike. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, redio zilijaa ujumbe, lakini mtu uliyemkataza kuosha maiti ya baba yake hatulizwi na tangazo la nusu dakika. Anahitaji mtu wa timu ya afya ya kijiji anayemjua, akae naye, amsikilize, waelewane mazishi yatakuwaje. Huo pia ni uhusiano wa umma, tena mgumu kuliko kuzindua soda.

Sasa lile ambalo silabasi inalipitia juu juu. Ukiitisha mkutano na waandishi hotelini Kampala, ukimalizika utaona watu hawaondoki. Kuna karatasi mezani: jina, chombo, namba ya simu, saini, halafu "nauli". Hata aliyevuka barabara tu kutoka ofisini kwake anachukua nauli. Mhadhiri wetu alisema ni rushwa, akaenda mada inayofuata. Mimi waandishi siwalaani, maana wengi ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka na malipo yenyewe ni haba. Lakini bahasha hainunui imani. Kampuni ikipata balaa, mwandishi uliyezoea kumpa nauli atakupigia simu kama wengine wote, na safari hiyo bei imepanda. Ofisini kwetu sasa tunatuma taarifa asubuhi mapema, picha nzuri, na namba ya mtu anayeweza kujibu maswali kweli, siyo msemaji wa "tutarudi kwenu". Wanaokuja kula chakula wamepungua. Habari zinazotoka hazijapungua sana.

Upande wa matangazo, chuo chako cha pili ni Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala. Nenda uone mabango na kalenda za wanasiasa zikitoka mashine moja, kadi za harusi mashine ya jirani. Mteja ameipenda bluu ya nembo yake kwenye skrini, kwenye karatasi inatoka na uzambarau. Fundi wa mashine, ambaye pengine aliishia darasa la saba, atakuonyesha nakala ya majaribio chini ya mwanga wa mlangoni na kukwambia wino hauwezi kila rangi ya skrini, punguza wekundu. Mwombe nakala hiyo kabla mteja hajasaini, siyo baada.

Ujue sheria pia. Sigara haitangazwi kabisa tangu sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015. Matangazo ya dawa lazima yapitie Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ingawa ukiwasha redio usiku na kuwasikia waganga wa mitishamba wanavyotibu kila kitu utadhani hakuna sheria.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi: wakala mdogo huweza kukaa miezi akisubiri mteja alipe, na mishahara inasubiri pamoja naye. Jifunze kuandika ankara na kufuatilia deni. Ndiyo maana wengi tunakimbilia benki, kampuni za simu, wizara na mashirika.

Nawe usidhani lazima ubaki Kampala. Yumbe, jirani yenu, kuna Bidi Bidi, makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini, tangu 2016, na mashirika yanayohudumia wakimbizi yanahitaji watu wa mawasiliano. Kijana mwenye Kilugbara, Kiswahili na Kiarabu cha Juba, na anayeandika vizuri, ana kitu ambacho mimi sina.

Kamera acha kwanza, simu yako inatosha kujifunzia na chuoni utaazima. Chukua laptopu iliyotumika yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya gigabaiti nane au zaidi, ujaribu betri palepale dukani. Na likizo hii pita Radio Pacis hapo mjini, uulize kama wanapokea vijana wa kujitolea.