Maswali ya Wasomaji: Viwavijeshi hutoka wapi na huenda wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi wilayani Kilosa. Mwaka juzi, wiki tatu hivi baada ya mvua za kwanza, viwavi vyeusi viliingia shambani kwangu na kwa siku chache tu vikaacha vijiti vitupu, ilhali shamba la shemeji yangu ng'ambo ya mto halikuguswa. Mwaka jana sikuona hata kimoja. Wazee husema viwavi hivi hushuka na mvua. Je, ni kweli?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Wazee wako wako karibu mno na ukweli, isipokuwa kinachoshuka na mvua si kiwavi bali mama yake: nondo wa rangi ya kijivujivu, ambaye huruka usiku akisukumwa na upepo na anaweza kusafiri mamia ya kilomita. Pepo zinazokutana penye wingu la mvua huwakusanya nondo waliokuwa wametawanyika, wakashuka pamoja mahali pamoja, na kila jike akataga mayai kwa mamia. Kwa kuwa mvua za mwanzo wa msimu hunyesha hapa zikaruka pale, nondo nao hushuka hivyo hivyo, na mto mmoja unatosha kumtenganisha aliyeliwa na aliyesalimika.

Wilaya yako imo katika eneo la katikati ya Tanzania ambako, kama ilivyo mashariki mwa Kenya, milipuko ya kwanza ya msimu huanzia. Mara nyingi milipuko mikubwa hufuata ukame, kwa sababu maadui wa viwavi huwa wamepungua na majani machanga huota kwa pamoja mvua inaporudi.

Kiwavi hiki kina sura mbili. Kikiwa peke yake huwa cha kijani au kahawia, hujificha chini kwenye mashina ya nyasi, na mtu anaweza kupita juu yake asubuhi nzima asikione. Vikisongamana, vinavyokua hugeuka vyeusi vyenye mistari pembeni, hupanda juu ya majani mchana kweupe na kula bila kupumzika. Kwa hiyo mwaka jana hukuona kitu, lakini huenda vichache vya kijani vilikuwamo. Wakati wa kiangazi nondo wachache huendelea kuzaliana penye nyasi mbichi, hasa pwani na nyanda za juu, wakati wale wa mlipuko huwa wamekwisha kuhama na upepo kwenda kutaga kwingine, hata Uganda na Ethiopia, kizazi baada ya kizazi.

Naomba sana usingoje vyeusi vikubwa ndipo utafute dawa. Kiwavi hula sehemu kubwa ya chakula chake katika siku zake za mwisho, kisha huingia udongoni kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia bila kula kabla ya kugeuka nondo. Anayepuliza siku hiyo huona viwavi vimetoweka, akadhani dawa imefanya kazi, kumbe vimemaliza kula. Muulize afisa ugani kuhusu mtego wa nondo na kipimamvua cha kijiji: nondo wakiongezeka mtegoni na mvua ikanyesha, kagua mahindi, mpunga, mtama na malisho kila siku. Maharage na mihogo haviliwi na kiwavi hiki.

Nisisitize pia kwamba maelezo haya hayamhusu kiwavijeshi vamizi, aliyetoka bara la Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016. Huyo hujificha ndani ya moyo wa muhindi, naye humkosi msimu wowote.

SWALI: Mimi ni mfugaji. Mwishoni mwa mlipuko niliona viwavi vingi vimekufa vikining'inia kwenye ncha za nyasi, na nilipovigusa vikapasuka na kutoa majimaji. Je, kuna mtu alipuliza sumu malishoni?

JIBU: Dalili ulizozieleza ni za ugonjwa wa viwavi wenyewe, unaoletwa na kirusi. Kiwavi mgonjwa hupanda juu kabisa ya jani, hufia hapo, na majimaji yake huambukiza vingine vinavyokula chini yake. Kirusi hicho hakidhuru binadamu wala mifugo. Masikitiko ni kwamba kwa kawaida huenea kwa nguvu nyasi zikiwa zimekwisha kuliwa, na ndiyo maana watafiti wamekijaribu hapa Tanzania kama dawa ya kupuliza mapema, viwavi vikiwa bado vidogo.