Swali la lugha: “Walihojiwa” au “watahojiwa”?

Msomaji anayesoma shahada ya uzamili ya Kiswahili Dodoma ameandika hivi: “Pendekezo langu la utafiti linahusu majina ya kanga, yaani maneno yanayochapwa juu yake. Msimamizi amelirudisha na katika sura ya mbinu amepiga mstari chini ya vitenzi karibu vyote. Niliandika: ‘Utafiti huu ulifanyika katika soko la Darajani, Unguja. Wauza kanga 20 walihojiwa.’ Pembeni ameandika: ‘Umekwisha kwenda?’ Nilifuata tasnifu iliyofaulu ikasifiwa. Je, kuna kanuni ya njeo, yaani nyakati za vitenzi, katika pendekezo la utafiti?”

Ipo, na haikutungwa na chuo chochote. Imo ndani ya kitenzi chenyewe. Katika sentensi kama zako, Kiswahili hakikupi nafasi ya kutaja tendo na kuficha wakati wake: ukiandika “walihojiwa”, hicho kiambishi -li- kinamwambia msomaji kwamba umekwisha kaa na wauza kanga hao 20, wakakujibu, ukarudi Dodoma. Msimamizi wako anajua hujavuka bahari. Tasnifu uliyoifuata ilisema kweli, kwa kuwa mwandishi wake aliiandika akiwa ametoka uwandani. Wewe umeazima maneno yake kabla ya safari yako.

Kwa hiyo sura ya mbinu yote iende kwa -ta-: utafiti utafanyika Darajani, wauza kanga 20 watahojiwa, uchambuzi utaongozwa na nadharia uliyoichagua. Isipokuwa jambo moja: kama ulikwenda kwa wiki moja kufanya utafiti wa awali ili kujaribu hojaji yako, hapo -li- ni haki yako, na uitumie bila woga.

Panapowaponyoka wengi si kitenzi kikuu, ni virejeshi, yaani vitenzi vyenye maana ya “ambayo” ndani yake. Mtu anasahihisha vizuri, kisha anaandika: “Data zilizokusanywa zitachambuliwa kwa mkabala wa kitaamuli.” (Kitaamuli ni kwa maelezo badala ya takwimu.) Sentensi hiyo ina mguu mmoja jana na mwingine kesho. “Data zitakazokusanywa zitachambuliwa” ni sahihi, ila ni nzito mdomoni, na ikijirudia ukurasa mzima inachosha. Lugha imetupa njia nyepesi: “Data zikishakusanywa, zitachambuliwa…” Mimi huwashauri wanafunzi waitumie hiyo -kisha-, kwa sababu inaonyesha pia mpangilio wa kazi, lipi litatangulia na lipi litafuata.

Usije ukadhani sasa kwamba pendekezo zima ni -ta-. Mambo yaliyopo leo yanabaki na -na-. Mada ipo, lengo lipo, tatizo lipo. Ndiyo maana tunasema “utafiti huu unahusu” na “unakusudia kuchunguza”. Malengo mahususi yenyewe huanza na ku-: kubainisha, kufafanua, kulinganisha. Hapo hakuna njeo ya kukusumbua, ila chagua kitenzi ambacho mtu anaweza kukiona kimetendeka. “Kujua majina ya kanga” hakuna atakayekipima. “Kubainisha tamathali zinazotumika katika majina ya kanga” kinapimika.

Sura ninayoipenda zaidi ni ya mapitio ya kazi tangulizi, maana humo njeo zinafanya kazi ya kitaaluma hasa. Tuchukue mada yako. Saida Yahya-Othman alichapisha makala kuhusu majina ya kanga na sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili mwaka 1997. “Alichapisha”, kwa kuwa kuchapisha ni tendo lililotendeka siku fulani likaisha. Ukiingia katika hoja yake, andika “anajadili”, kwa kuwa makala iko mezani na bado inasema. Ukitaka kuzungumzia uwanja mzima, tumia -me-: “wataalamu wamechunguza majina ya kanga kwa mitazamo mbalimbali”. Tendo lilianza huko nyuma na athari yake ipo hadi sasa.

Kisha linakuja pengo la utafiti, na hapa naomba uwe makini kuliko popote. Tofautisha “halikuchunguzwa” na “halijachunguzwa”. Ukisema “suala la wanunuzi halikuchunguzwa”, umefunga mlango: kazi fulani iliisha bila kuligusa. Hiyo inafaa ukizungumzia makala moja uliyoisoma. Lakini “suala la wanunuzi halijachunguzwa” lina maana ya hadi leo, na bado linasubiri. Hiyo -ja- ndogo ndiyo inayofungua nafasi ya utafiti wako. Nayo ni dai zito, kwa kuwa unazungumzia kazi zote zilizoandikwa, siyo ile moja uliyoisoma. Usiiandike mpaka uwe umepekua maktaba kweli.

Onyo jingine linahusu -ta- yenyewe. Niliwahi kukaa katika kikao cha utetezi wa pendekezo ambapo mwanafunzi alisoma: “Utafiti utathibitisha kwamba majina mapya ya kanga yamepoteza methali.” Mjumbe mmoja akamuuliza kwa upole, “Kama unajua, unakwenda kutafuta nini?” Kijana alinyamaza, na nilimwonea huruma, maana mada yake ilikuwa nzuri. Angeandika “utachunguza iwapo majina mapya ya kanga yamepoteza methali”, swali lile lisingeulizwa. Ahidi kazi utakayoifanya, usiahidi majibu.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama uandike “nitahojiana” au “mtafiti atahojiana”. Vyuo vingi bado vinataka “mtafiti”. Fuata mwongozo wa chuo chako na usichanganye.

Ukirudi kutoka Unguja utageuza -ta- ziwe -li-, na sura ile ya mbinu itaingia katika tasnifu. Zigeuze kwa mkono, sentensi baada ya sentensi. Ukiiamuru kompyuta ibadilishe kila “ta” kuwa “li”, utafiti utakuwa “ulifiti” na kitabu kitakuwa “kilibu”. Tena itaharibu yale yasiyogeuka kwa kubadilisha silabi moja tu: “hautahusisha” inapaswa kuwa “haukuhusisha”, na “watakaohojiwa” iwe “waliohojiwa”. Na kama uliahidi wauza kanga 20 ukawapata 17, hapo ndipo “walihojiwa” inapotakiwa kubeba 17.