Kuchora Katuni ya Enzi Zilizopita: Wapagazi wa Tendaguru

Anayetaka kuchora katuni ya mkono kuhusu enzi zilizopita, ninamshauri aanze na kazi waliyoifanya watu wa enzi hizo kabla ya kumtafuta shujaa. Ushauri huu unatokana na vibonzo ninavyochora hapa Lindi kuhusu Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi ya mji wetu, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa ya dinosaria, nao wapagazi wakaibeba kwa mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi ili isafirishwe Berlin. Mjusi huyo mkubwa ndiye anayevuta macho ya kila mtu, lakini kwangu hadithi iko kwa waliombeba, na anayejua mzigo ulivyofungwa hujua pia jinsi ya kuchora shingo, mgongo na hatua ya mbebaji.

Zitazame kwa makini picha zilizopigwa wakati ule, maana humo utaona mianzi iliyozungushiwa mifupa na mizigo mizito iliyoning'inizwa kwenye mti unaobebwa na watu kadhaa. Zikuongoze katika vitu, si katika mtazamo, kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa mgeni na mara nyingi aliwapanga watu safu. Mimi huchora kutoka nyuma ya bega la mpagazi, ili msomaji aione njia kama alivyoiona yeye. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alikuwa mtu halisi. Kwa hiyo humchora akiwa kazini tu, na mazungumzo ya kubuni nawapa wahusika wa kubuni. Nadhani tunawiwa heshima hiyo na waliotutangulia.

Mandhari nayo yahitaji uangalifu. Mashamba makubwa ya mikorosho tunayoyaona leo yameenea zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hivyo yasijaze njia ya wapagazi hao, chora miombo. Malipo yawe kwa rupia na heller, ambapo heller 100 zilifanya rupia 1. Tena kumbuka kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907 na kuacha njaa kali kusini, na kijana anayeomba kazi ya upagazi mwaka 1909 hawezi kuchorwa kana kwamba hajayaona hayo.

Kuhusu uchoraji wenyewe, tumia karatasi nene, uchore kwa ukubwa mara mbili ya ule utakaochapwa, na uandike maneno kwanza ili wahusika wasije wakakosa nafasi. Visanduku vinne vyatosha tukio moja. Katika joto letu la pwani, weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, la sivyo jasho litachafua wino.

Kabla ya kutia wino huo, wapelekee wazee michoro ya penseli. Bibi aliyezoea kubeba maji kichwani ataona mara moja kama ngata imekaa mahali pake na kama mkono ulioinuliwa unaushika mzigo kweli, na kwa kuwa mchoro bado ni wa penseli, utaweza kuurekebisha palepale mbele yake.