Kore nane zinapigwaje na kore sita?

SWALI: Mambo vipi, mi simu yangu ina kore nane, dada yangu ana iPhone ya kore sita, lakini yake inafungua kila kitu chapchap na yangu inagandaganda tu mpaka natamani kuitupa. Nane si nyingi kuliko sita jamani? Au nilipigwa? Na fundi anaweza kunibadilishia prosesa peke yake?

JIBU: Pole, hukuibiwa, ila hiyo namba nane wanaipenda sana wauzaji na peke yake haikwambii kitu. Kore ni vile vitengo vya kufanya hesabu ndani ya prosesa, na hazilingani. Chukua Snapdragon 625, chipu ya simu za Android ya 2016, kore zake zote nane ni za aina inayoitwa Cortex-A53, ndogo, zinazobania chaji na zinafanya kazi kwa foleni, agizo la mbele likikwama ya nyuma yote yanasubiri. Sasa iPhone, kuanzia chipu ya A11 ya 2017, inaweka kore kubwa mbili na ndogo nne, na zile kubwa agizo likikwama zinaliweka pembeni zinaendelea na mengine. Ukifungua app kazi kubwa inaangukia kore moja au mbili, zilizobaki zinakodoa macho tu, kwa hiyo mbili zenye nguvu zinakushinda mchana kweupe.

Halafu humo kwenye chipu kore ni kipande tu, kuna sehemu ya grafiki, ya kamera, ya mtandao, ya video, zote zimebanwa pamoja. Kwa mfano video ya AV1 (aina mojawapo ya kubana video), chipu isipokuwa na sehemu yake maalumu ya kuifungua, kore ndo zinabebeshwa mzigo, simu inachemka, ikichemka inajipunguzia spidi yenyewe isiungue, wewe unaona imeganda.

Ila mi kwa kuganda kwako nashuku storeji kabla ya prosesa. Simu nyingi za bei ya chini zinatumia storeji ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko aina nyingine iitwayo UFS, na ikikaribia kujaa ndo balaa. Futa futa vitu kwanza uone.

Kuhusu fundi, sahau. Chipu imechomelewa kwenye bodi, mara nyingi RAM (kumbukumbu ya muda) imekaa juu yake kabisa, na simu za siku hizi funguo za kufungulia data zako zimefungwa na chipu ileile, ukiweka nyingine picha zako zote hazisomeki tena.