Nikimfundisha mwenzangu ramli, nitakuwa nimevunja kiapo?

SWALI: Nimesoma ramli kwa mzee mmoja miaka miwili. Siku ya kwanza aliniapisha nisimwonyeshe mtu daftari lake. Sasa mwenzangu, mtu mwenye nia ya kweli, ananiomba nimfundishe kupiga nukta. Najiona mwizi hata kabla sijaanza. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kiapo chako ni cha daftari. Basi usilitoe, usilipige picha, wala usilinakili usiku mwenyewe akiwa amelala. Humo mna jasho la mzee: tafsiri alizozipima miaka mingi, na pengine majina ya watu.

Namna ya kupiga nukta, hiyo si mali yake. Waarabu waliiandika vitabuni zamani sana, na katika karne ya 12 Hugo wa Santalla akaifasiri kwa Kilatini. Huko Madagaska inaitwa sikidy. Isingefika kote huko kama kila aliyeijua angeifungia kifuani.

Nalisema hili kwa uchungu, maana mimi nilifundishwa kwa kufichwa. Mwalimu wangu wa kwanza alinionyesha vizuri mistari 16 ya nukta: ukihesabu mstari ukatoka witiri unaweka nukta moja, ukitoka shufwa unaweka mbili, na kila mistari minne inazaa sura moja iitwayo mama. Akaja kwenye mabinti, sura nne zinazotolewa kwa mama. Binti wa kwanza huchukua vichwa vya mama wote wanne, wa pili mistari yao ya pili, wa tatu ya tatu. Wa nne huchukua miguu yao. Mimi akanipa ile mistari ya tatu tena. Sikujua. Zaidi ya mwaka niliwajibu watu, watu wenye shida nzito, kwa bao lililovunjika.

Siku moja mama mmoja aliyebobea alitazama karatasi yangu akaniuliza, “Hakimu wako, ile sura ya mwisho inayotoka kwa kujumlisha zilizotangulia, ana nukta ngapi?” Nikahesabu: saba. Akasema, “Hakimu hana saba, mwanangu. Rudi kwa mabinti.”

Akanieleza kwa kalamu. Mabinti ni nukta zilezile za mama zilizopangwa upya, kwa hiyo hadi kumfikia hakimu kila nukta imeingia mara mbili. Lazima atoke na nne, sita au nane. Katika sura zote 16, ni nane tu zinazoweza kukaa kiti hicho. Nilipomrudia mwalimu, alinijibu kwamba sikuwa nimestahili bado. Sijapata kuielewa sababu hiyo hadi leo. Asiyestahili huambiwa asubiri, hapewi kitu kibovu akatumie kwa watu.

Utasikia wakimtaja Israel Regardie, aliyechapisha kati ya 1937 na 1940 mafundisho ya Golden Dawn, chama cha siri cha uganga wa Kizungu, ambayo alikuwa ameapa kuyatunza. Yeye alihofia yangepotea kabisa. Wewe hujafika huko, mzee wako yupo. Nenda umwambie, “Nataka kumfundisha fulani kupiga, daftari lako sitaligusa.” Huenda akanuna. Kununa kwake utakubeba kwa urahisi kuliko kujificha.

Kuna siri moja ambayo hata mzee akikuruhusu usiitoe: nani alikuja kupigiwa, na alilia nini. Usimfundishe mwenzako kwa bao la mtu, hata ukifuta jina, maana shida yenyewe humtambulisha mwenyewe. Mfundishe kwa maswali yako.

Na usianze na maana. Wengi huanza na maana kwa kuwa ndizo tamu, kisha wanasoma kwa ufasaha bao lililokosewa. Mpe karatasi tupu, apige mistari 16, ajenge mama, mabinti, wajukuu wanaozaliwa na hao, mashahidi wawili wanaozaliwa na wajukuu, hadi hakimu. Akitoka na tano au saba usimwonyeshe kosa lilipo. Mwache alitafute mwenyewe, nawe kaa naye hapo mpaka alione.